Maziwa Hayakauki, Yanakaushwa

Kuna maneno mawili nimechoka kuyasikia hapa kambini: "Maziwa yamekauka." Yanasemwa kama vile mtu anasema mvua imekataa mwaka huu. Anayesema anatikisa kichwa, anayesikia anajibu "pole sana, mama," halafu kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Hakuna anayeuliza yamekaushwa na nani.

Mimi leo nauliza. Na kabla hujaniambia kwamba mimi ni mwanaume, kijana wa kituo cha vijana, sijaoa, sijazaa, na kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi jua nimeshaambiwa. Nakubali yote. Lakini mimi ndiye niliyezunguka na mtoto wa dada yangu siku 11 nikitafuta kitu cha kumtia mdomoni. Kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Dada yangu mkubwa alijifungua salama, mtoto wa kiume. Wiki ya tano akashikwa na homa, tumbo likamuuma mpaka kusimama hawezi. Kituo cha afya wakaona hali si nzuri, wakaandika rufaa ya kwenda hospitali ya mjini. Kwa hilo nawashukuru, walimwokoa. Ila ninyi mnaosoma mkiwa nje ya kambi mjue kitu kimoja: sisi wakimbizi hapa Tanzania hatutoki kambini bila kibali. Ndivyo inavyosema Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Hata ukiwa unakufa, jina lako lazima liwe kwenye karatasi. Karatasi ya dada ilikuwa na watu wawili: mgonjwa 1, msindikizaji 1. Mgonjwa ni dada. Msindikizaji ni shangazi. Na mtoto? Mtoto si mgonjwa. Mtoto si msindikizaji. Basi mtoto hayupo.

Shangazi alijaribu kupanda naye. Aliyeshika orodha akamwambia, "Mama, huyu hajaandikwa. Nikimpandisha, getini tunarudishwa wote." Hakusema kwa ubaya, naye anaogopa kazi yake. Mama yangu akampokea mtoto kupitia mlango wa gari, bado ana maziwa kwenye midomo. Gari likaondoka na chakula chake.

Siku ya kwanza tulimpa maji ya sukari. Siku ya pili mama akachemsha mchele, akampa yale maji yake. Siku ya tatu nikakopa hela sokoni nikanunua maziwa ya kopo. Maandishi ya kwenye kopo yalikuwa ya lugha ambayo nyumbani hakuna anayeisoma vizuri. Na kopo lilikuwa dogo, hela haitarudi tena, basi tukawa tunaweka kijiko kimoja mahali pa vitatu ili lifike mwisho wa wiki. Maji ni ya bombani. Kuni za kuchemsha kila mara hatukuwa nazo, na nani asiyejua shida ya kuni hapa. Siku ya saba mtoto akaanza kuharisha. Siku ya tisa macho yalikuwa yameingia ndani na akawa halii tena, anatutazama tu.

Upande wa pili, wodini mjini, dada alikuwa na maziwa ya kumwaga. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe, nguo imelowa mbele, homa juu ya homa. Muuguzi mmoja akamwonea huruma akamwambia, "Funga kanga, kaza sana, yatakauka yenyewe." Dada akafunga, akakaza. Maumivu yalipoisha akamshukuru Mungu. Hakujua maana yake ni nini. Hapakuwa na mtu hata mmoja, daktari, muuguzi, mfanyakazi wa shirika, hata shangazi yetu, aliyemwambia maneno haya: mama, kamua.

Aliporudi, mtoto alipewa ziwa, akavuta, akaachia, akalia. Akavuta tena, akaachia. Bibi jirani, mtu wa kwetu Fizi, ambaye tunamheshimu sana, akatoa hukumu: "Ile ziwa imekufa. Na hata kama iko kitu ndani, imelala siku kumi na moja, imeshaoza. Usimupe mutoto." Na watu wote pale uani wakasema yale maneno mawili.

Sasa hebu niseme jinsi mwili unavyofanya kazi. Nilifundishwa mambo haya nikiwa nimeshachelewa.

Chukua mama anayeuza ndakala sokoni. Akimaliza beseni lote, kesho anakuja na beseni kubwa zaidi. Wasipomnunulia, kesho anapunguza. Wasipomnunulia wiki nzima, anaacha biashara. Ziwa ni hivyo hivyo. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama unatoa homoni mbili: prolaktini, ambayo kazi yake ni kutengeneza maziwa, na oksitosini, ambayo kazi yake ni kuyasukuma yatoke. Maziwa yakitolewa, mwili unatengeneza mengine. Yakiachwa yamejaa, mwili unaelewa kwamba mteja hayupo, unapunguza, mwisho unafunga. Mwili hauwezi kujua kwamba mteja yuko nyumbani analia na kwamba tatizo ni karatasi. Kwa hiyo dada yangu hakurogwa wala hakulaaniwa, na ziwa lake halikuwa dhaifu. Mwili wake ulitii kile ulichoambiwa na kanga iliyokazwa.

Na yale maziwa "yaliyooza"? Bibi zetu watusamehe. Maziwa hayaozi ndani ya titi. Maziwa ya mama yanatengenezwa kila saa kutoka kwenye damu yake, kila mara ni mapya. Yanayoharibika ni yale yaliyo kwenye kikombe.

Aliyetuokoa ni mama mmoja Mrundi, mhudumu wa afya wa jamii kutoka zoni ya jirani. Hana cheti kikubwa. Alikuja, akamtazama mtoto, akatupeleka kwanza wodi ya lishe mtoto atibiwe, halafu akakaa chini na dada yangu akamwambia, "Hii ni kazi ya mikono, tutaanza leo." Nayaandika kama alivyotueleza, kwa sababu najua gazeti hili linafika kwenye nyumba ambazo yeye hatafika.

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mdomo mpana, kioshe, kimwagie maji ya moto. Kanda titi taratibu kwa vidole kuelekea kwenye chuchu. Weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane na kuachia, ubane na kuachia. Usivute chuchu wala usiiminye yenyewe, utaumia bure. Dakika za mwanzo huenda kisitoke kitu, endelea. Upande mmoja dakika 3 hadi 5, hamia upande wa pili, rudi, mpaka zifike dakika 20 au 30. Sogeza vidole kuzunguka titi ili sehemu zote zitoe. Fanya hivyo mara 8 au zaidi kati ya leo na kesho saa kama hii, na usiku usiruke, kwa sababu usiku ndipo prolaktini inapopanda zaidi. Mama aliyetenganishwa na mtoto akianza hivyo tangu siku ya kwanza, maziwa yanabaki. Na yule ambaye yameshapungua, kama dada, anaweza kuyarudisha, ila kwa kazi na kwa siku nyingi.

Pia aliomba kituoni kimrija chembamba cha plastiki, wanachotumia kulishia wagonjwa kupitia puani. Ncha moja kwenye kikombe cha maziwa ya tiba aliyopewa na wodi ya lishe, ncha nyingine pembeni ya chuchu. Mtoto akinyonya ziwa, maziwa ya kikombe yanampitia, hakasiriki, anaendelea kuvuta, na kule kuvuta ndiko kunakoamsha ziwa. Siku ya kwanza ya kukamua dada alipata matone ya kulowesha chini ya kikombe tu. Mama alikitazama akanyamaza. Siku ya nne kijiko. Wiki ya tatu kimrija kikarudishwa kituoni. Sasa mtoto ana mwaka na miezi miwili, anakimbiza kuku wa jirani.

Lakini msinipigie makofi, hii si hadithi ya furaha. Ni bahati. Huyo mama Mrundi alikuwa amepita kwetu kwa jambo jingine kabisa. Nawajua akina mama wengine wawili ambao walitenganishwa na watoto wao kama dada, na bahati hiyo haikupita kwao. Mtoto mmoja tulimzika. Kwenye msiba watu walisema nini? Mnajua walichosema. Maneno mawili.

Na hospitali si mahali pekee. Kazi yangu ni vijana, na nawaona wasichana wanaorudi shule baada ya kuzaa. Sisi ndio tunaowahimiza warudi, tunawapigia debe, tunapiga nao picha. Halafu binti anakaa darasani tangu asubuhi mpaka mchana, matiti yanajaa, anaomba ruhusa ya kwenda chooni, anakamua ukutani huku analia kimya kimya, anarudi kwenye hesabu. Mmoja aliniuliza, "Kaka, hakuna hata kikombe?" Sikuwa na jibu. Kuna wanaotoka kuokota kuni au kulima kibarua, wakakamatwa nje ya mpaka wa kambi, wakalala mahabusu siku mbili, tatu, na mtoto yuko nyumbani. Kuna wanaoshinda kwenye foleni ya mgawo.

Na kuna hawa, ninyi ndugu zetu wa mashirika mnawajua kuliko mimi: akina dada wakimbizi mnaowalipa posho kidogo ili watafsiri, wafundishe chekechea, wapime watoto uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Wafanyakazi wenu wenye mkataba wanaijua. Je, yule dada wa posho anapewa? Anasimama siku nzima akipima uzito watoto wa wenzake, wa kwake yuko nyumbani anapungua. Atapimwa na nani?

Sasa nijibu yale ninayojibiwa kila nikianza maneno haya kwenye mikutano.

Wanasema: wodi ina magonjwa, mtoto mzima hapaswi kupelekwa kwenye wagonjwa. Hoja hii naiheshimu. Lakini kama mtoto asiende kwa maziwa, basi maziwa yaje kwa mtoto. Magari yanakwenda mjini na kurudi, yanabeba wafanyakazi, dawa, hata magunia. Kikombe chenye mfuniko kinashindikana nini? Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama muda wa saa 4 mahali pa kivuli pasipo joto kali. Kwenye kasha lenye barafu iliyoganda sawasawa, yanafika hata saa 24. Sisemi mchukue kasha la chanjo, najua haliruhusiwi kuchanganywa. Nasema mnajua kubeba kitu cha baridi kwenye barabara ya vumbi, mnafanya hivyo kila wiki. Na nyumbani mtoto anaweza kunywa kwa kikombe kidogo, bila chupa wala chuchu ya mpira ambayo hakuna anayeweza kuisafisha vizuri kwa maji yetu haya.

Wanasema: mama mgonjwa maziwa yake ni hatari. Magonjwa mengi hayamzuii mama kunyonyesha. Dawa chache zinazuia, na hilo aseme daktari, si jirani. Hata mama mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake vizuri, siku hizi anashauriwa kunyonyesha. Na hata kama dawa inakataza kwa siku kadhaa, hiyo si sababu ya kufunga kanga. Kamua umwage, lakini kamua. Siku dawa ikiisha, maziwa yatakuwepo.

Wanasema: si kuna maziwa ya kopo? Tafadhali. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Botswana ilipata mvua kubwa na mafuriko, maji yakachafuka. Nchi ile ilikuwa inawapa akina mama wenye virusi maziwa ya kopo bure, kwa nia njema kabisa. Ugonjwa wa kuharisha ukaingia na watoto wakafa kwa mamia. Wachunguzi walipofuatilia waliolazwa, waligundua kwamba wengi mno hawakuwa wakinyonya ziwa la mama. Hiyo ni nchi yenye serikali, mabomba na hospitali. Sisi tuna kijiko kimoja mahali pa vitatu. Mtoto ambaye mama yake hayupo kweli, au hawezi kabisa, apewe maziwa hayo na mtu afuatilie, amfundishe mlezi kuyachanganya, ampe na kuni. Lakini kumpa kopo mtoto ambaye mama yake anamwaga maziwa mjini, huo si msaada.

Wanasema, hasa wazee wetu: haya ni mambo ya wanawake, wewe kijana unayatafuta nini? Wazee wangu, shikamooni. Aliyeandika karatasi ni mwanaume. Aliyeshika orodha ni mwanaume. Dereva ni mwanaume. Mlinzi wa geti ni mwanaume. Tulipokuwa tunawatenganisha, yalikuwa mambo ya wanaume. Tukiulizwa maziwa yako wapi, ndipo yanakuwa ya wanawake?

Na wanasema: utaratibu hauruhusu. Hapo ndipo ninapokasirika. Ukutani kwenye kituo chetu cha vijana kuna bango la Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Mlilibandika ninyi, kwa gundi yenu. Kifungu cha 9 kinasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake bila wao kutaka, isipokuwa mamlaka husika zimeamua kisheria kwamba ni kwa faida ya mtoto mwenyewe. Sasa nani aliamua kwamba ilikuwa faida ya mpwa wangu? Hakuna. Hakuna aliyeamua. Fomu ilikuwa na mistari miwili tu, ndiyo hivyo. Mtoto alikaribia kufa kwa kukosa mstari wa tatu.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoomba, na hakuna hata moja linalohitaji ndege kutoka Geneva.

Kwenu mnaoandika rufaa na vibali: mama anayenyonyesha na mtoto wake waandikwe pamoja, kibali kimoja, kila mara. Daktari akisema mtoto asiende, aandike sababu, na aandike pia maziwa yatasafirije.

Kwenu wauguzi wa wodi: mama akilazwa bila mtoto, maelekezo ya kukamua yaanze siku ile ile, pamoja na kikombe na pazia. Acheni kufunga kanga.

Kwenu wakuu wa shule na mashirika: chumba kimoja chenye kiti, maji na mlango unaofungwa. Na muda. Choo si chumba cha maziwa.

Kwenu mama zetu na bibi zetu: msimwambie tena binti kwamba ziwa limekufa. Mkimwambia hivyo ataamini, ataacha kukamua, na hapo ndipo litakufa kweli. Mpikieni uji, mbebeeni maji, mshikieni watoto wengine ili apate dakika zake 30.

Kwetu vijana: kwenye kikundi chetu tumeanza. Yule mama Mrundi alikuja akatufundisha, wasichana na wavulana pamoja. Wavulana walicheka nusu saa ya kwanza, halafu wakaacha kucheka. Sasa tukisikia mtu amepewa rufaa, mmoja wetu anakimbia mpaka kwenye gari kabla halijaondoka, na kikombe chenye mfuniko mkononi. Hatuna mamlaka ya kumpandisha mtu. Tunauliza swali moja tu, kwa sauti, ili kila aliye pale alisikie: "Huyu mama ana mtoto anayenyonya?"

Wiki mbili zilizopita tuliuliza, na aliyeshika orodha akanyamaza, akatazama ndani ya gari, akarudi ofisini na kalamu. Alichelewesha gari dakika 20. Mtoto alipanda.

Dakika 20. Hicho ndicho kipimo cha shida hii yote. Yeyote kati yenu anayeandika karatasi, mwanaume au mwanamke, mkimbizi au raia, auliza swali hilo kabla sisi hatujakimbia.